Kinachotakiwa kufika Mabogini hakifiki

Ukitaka mtu wa Moshi abadili mazungumzo haraka, mwambie ndiyo kwanza unatoka Mabogini, kwenye mabwawa ya majitaka. Sisi tunapenda kusifiwa kwa usafi, na sifa hiyo si ya bure. Mgeni akidondosha ganda la ndizi karibu na stendi anaweza kujikuta anadaiwa faini hata kosa lenyewe hajalielewa. Lakini ule uchafu mwingine, unaoondoka baada ya kuvuta maji chooni, unakwenda wapi? Hapo kila mtu anakumbuka ana haraka. Mimi ni fundi bomba, nakaa Pasua, na riziki yangu yote inatoka kwenye hilo swali lisilopendwa. Kama unakula, malizia kwanza, nitakusubiri.

Moshi imelala kwenye mteremko. Kaskazini mlima, kusini tambarare ya mpunga na miwa. Aliyepanga mabomba ya majitaka hakuwa na haja ya kubishana na jiografia: majitaka yanashuka yenyewe, chemba hadi chemba, yanaupita mji, yanaishia Mabogini kwenye mabwawa ya kusafishia. Hiyo ni kwa nyumba zilizounganishwa. Nyumba nyingi bado zina karo au choo cha shimo, na karo likijaa inatakiwa liitwe gari la kunyonya, nalo likamwage kule kule Mabogini. Nimesema inatakiwa. Nitarudi hapo.

Kazi za wateja hunifikisha mabwawani mara kwa mara, na nikifika sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mlangoni, pale bomba kubwa linapotapika na maji yanapita kwenye chujio la nondo. Wenzangu wananicheka, lakini fundi akitaka kuujua mji asimame pale robo saa. Kijana wa zamu amevaa gambuti na glavu ndefu, anavuta kwa reki kinachonasa. Nepi. Pedi. Vitambaa vya kudekia. Nyuzi za rasta, hizo ni adui mbaya kuliko unavyofikiri, kwa sababu zinajisokota na kila kitu mpaka zinakuwa kamba. Chupa za dawa ya chooni, zenyewe nzima. Vijiko, visivyo na idadi. Siku moja ilitoka kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto, nikamuuliza kijana ya kulia iko wapi, akasema, "Kaka, hiyo bado iko njiani." Baada ya chujio kuna mfereji wa kutuliza mchanga, na mchanga ule mwingi ni wetu wenyewe, tunaosugulia masufuria na tunaomwaga sinkini bila kuwaza.

Baada ya hapo hakuna mashine. Watu wengi wakifika wanauliza mitambo iko wapi. Mitambo ni jua, upepo, wadudu wasioonekana, na siku. Maji yanaingia kwanza kwenye bwawa refu kwenda chini, mabwawa ya aina hii huchimbwa mita 3 hadi 5, na humo hewa haifiki. Kilicho kizito kinazama, bakteria wanakitafuna gizani, gesi inapanda juu kwa mapovu. Ukiangalia kwa utulivu utayaona yakipasuka moja moja kwenye utando mweusi. Kisha maji yanahamia kwenye bwawa la kina kifupi, mita moja na nusu hivi, na hapa rangi inageuka kijani. Kijani kile ni mwani, mdogo kiasi kwamba mmoja mmoja huuoni kwa macho. Mchana mwani unatengeneza oksijeni, bakteria wanaitumia kumalizia uchafu uliobaki, na hewa chafu wanayoitoa bakteria inakuwa chakula cha mwani. Hakuna anayemdai mwenzake. Mwisho kabisa kuna mabwawa ya kina cha mita moja tu, na kazi yake ni kuua vimelea. Jua linapenya mpaka chini, mwani ukishamiri unayafanya maji yawe makali kama yaliyotiwa magadi, na vijidudu vya kuhara vinakufa. Mayai ya minyoo hayauawi na jua kirahisi hivyo. Yenyewe ni mazito kidogo kuliko maji, yakipewa siku za kutosha yanazama na kubaki kwenye tope.

Yakipewa siku za kutosha. Hapo ndipo ugomvi wangu na wenye nyumba unapoanzia, kwa sababu bwawa la namna hii haliwezi kuharakishwa. Ukiliingizia maji mengi kuliko ukubwa wake, linayasukuma nje kabla hayajaiva. Ukiacha tope lijae chini bila kulitoa kila baada ya miaka kadhaa, nafasi inapungua na matokeo ni yale yale. Kanuni za viwango vya maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayorudishwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kile kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu utaila ukifika mtoni. Majitaka mabichi ya majumbani huwa na mia kadhaa. Kutoka mia kadhaa mpaka 30 kwa kulala tu juani si mchezo.

Harufu? Ipo, sitadanganya. Inakuwa kali alfajiri, kwa sababu usiku mwani hautengenezi oksijeni, ikifika saa nne jua limeshapanda na hali inakuwa afadhali sana. Kuna jamaa yangu amejenga upande ule, akayakuta mabwawa yapo, akanunua kiwanja kwa bei nafuu sababu ya mabwawa hayo hayo, na sasa ndiye wa kwanza kulalamika kwenye vikao vya mtaa. Nampenda, lakini aisee.

Sasa tuje kwenye mpunga, maana Mabogini bila mpunga si Mabogini. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajapani, maji yakachukuliwa kutoka mto Njoro na mto Rau, na mbegu za mpunga wa muda mfupi zikaja. Mavuno yalipanda, majirani wa juu ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, wakaona, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji ya mto ule ule, na tangu hapo zamu ya maji ni jambo la kukosana na shemeji. Kwenye hali hiyo, maji yanayotoka mabwawani yanatoka kiangazi na masika, Jumapili na sikukuu, kwa sababu watu wa mjini hawaachi kwenda chooni. Mkulima wa karibu na mabwawa hahitaji kuelezewa thamani yake. Mama watoto wangu analima majaruba mawili upande huo, na mwaka wa kwanza alifuata mazoea, akaweka urea kama alivyofundishwa na mama yake. Mpunga ulipanda, ukawa mweusi kwa ukijani, mrefu, wa kupigia picha. Kisha ukalala wote. Ulikuwa majani matupu, punje hafifu. Meku mmoja, yaani mzee, jirani yake wa shamba alikuja akasimama ukingoni, akatikisa kichwa. "Mama, haya maji yameshakula mbolea. Wewe umeyaongezea ya nini?" Sasa haweki urea kabisa, au anaweka kiganja tu kwenye jaruba la mwisho, ambako maji yanafika yakiwa yamechoka.

Lakini humwoni akiingia pekupeku. Nilimnunulia gambuti, na mwanzoni alisema zinamzuia kupandikiza vizuri, zinanasa kwenye tope. Nikamwambia bora zinase. Lower Moshi ina kichocho tangu siku nyingi, na hicho hakihitaji hata bwawa la majitaka, kinahitaji konokono, maji yaliyotulia na mtu mmoja mwenye nacho anayejisaidia mferejini. Ukiongeza na mashaka ya minyoo kwa siku ambazo mabwawa yamezidiwa, gambuti ni bei rahisi. Mpunga wenyewe ukishakobolewa na kupikwa hauna neno. Ninachokikataa ni mchicha na kabichi za kuliwa mbichi kumwagiliwa maji hayo. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka mpaka wa yai moja la minyoo kwa lita kwa mazao ya aina hiyo, na mimi sina hadubini ya kuhesabu mayai jikoni.

Watu husema mabwawa yanaharibu mto. Nimelisikia hili kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa, hata kanisani. Naomba mwenye wazo hilo siku moja afuatane nami, tusianzie Mabogini, tuanzie juu. Njoro unatokana na chemchemi zilizo ndani ya mji wenyewe, maji baridi, meupe, unaona kokoto chini. Rau unapita mashariki, kando ya msitu wake. Karanga uko magharibi. Tushuke nayo polepole. Pale kuna jamaa wanaosha pikipiki, povu na oili vinaondoka pamoja. Hapa gereji imemwaga kitu cheusi kwenye mtaro wa mvua, na mtaro wa mvua mwisho wake ni mtoni, haupiti bwawa lolote. Huku bomba la inchi mbili limetokeza ukutani kwa nyuma, linadondosha maji ya jikoni na bafuni, mwaka mzima, moja kwa moja mtaroni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi nimeitwa kufunga sinki kwenye jiko ambalo ukitema mate dirishani yanafika mtoni. Hiyo kazi sikuifanya. Aliitwa fundi mwingine.

Halafu kuna kutapisha. Mvua kubwa ikianza usiku, kuna watu wanaamka, si kufunga madirisha, bali kutoboa karo. Gari la kunyonya ni hela, mvua ni bure. Asubuhi mtaro umejaa, kila mtu anafunika pua na kusema mabwawa yamefumuka. Mabwawa yako kilomita kadhaa kusini, hayana habari. Ule ni mzigo ambao ungetakiwa ukae kwenye jua siku zake zote uive, sasa umeingia Njoro ukiwa mbichi, na kuna mama huko chini anateka.

Kwa hiyo kinachotakiwa kufika Mabogini hakifiki. Na kisichotakiwa kufika kinafika. Hili la pili nitalieleza kwa mteja wangu mmoja, mama mmoja mstaafu, mtu mzuri, ukimaliza kazi kwake lazima unywe chai. Masika aliniita chemba yake ya uani inafurika kila mvua ikinyesha. Nikaleta fito, nikazibua, hakuna kilichoziba. Nikarudi tena, hakuna kitu. Mara ya tatu nilifika mvua ikiwa inanyesha, nikasimama chini ya upenu, nikayasikia maji ya gata yanashuka ndani ya ukuta badala ya nje. Nikafuata mlio. Bomba la gata la paa zima lilikuwa limechomekwa kwenye chemba ya choo, limepigwa plasta vizuri kabisa, kazi safi ya fundi mwenzangu.

"Mama, haya ni maji ya mvua. Hayatakiwi kuingia humu."

"Fundi, maji si maji? Yote si yanakwenda huko huko?"

Nilijaribu kumweleza. Paa lake ni kubwa, mvua ya Moshi ya mwezi wa nne unaijua. Paa moja tu likimwaga kwenye bomba la inchi nne, bomba linajaa, na hapo ujue halijafanya hivyo peke yake, mtaa wake una mapaa mengi na mafundi wengi. Maji yote yale yanashuka Mabogini, yanaingia bwawani safi, yanasukuma nje machafu ambayo hayajamaliza siku zake. Yaani maji ya mvua ndiyo yanayoyatoa majitaka mabichi kwa mkulima. Alinisikiliza, akaniongezea chai, akauliza, "Sasa nikiyatoa humo yataenda wapi? Uani kwangu?" Swali halali. Tukakubaliana pipa la lita elfu mbili chini ya gata, na linalozidi liende mtaroni, ambako kwa mara hii ndiko kwake. Miezi miwili baadaye alinipigia kuniambia bili ya maji imeshuka. Chemba haijafurika tena. Sijui kwa nini nilitumia nusu saa kumweleza habari za mabwawa wakati habari ya bili ingetosha.

Mafuta ya kupikia yana kesi yake. Mabanda ya chipsi na wakaanga samaki wengi wakimaliza siku wanamwaga mafuta ya mwisho sinkini, yakiwa ya moto, yanaonekana yanapita vizuri. Yanapita mpaka yanapokutana na bomba la baridi. Nimewahi kutoa kwenye kiwiko cha bomba donge la urefu wa mkono, jeupe, gumu, la mviringo, kama kipande cha sabuni ya mche. Wala si mbali na sabuni, mafuta yakikutana na chumvichumvi za majitaka yanaelekea huko huko. Nililikata kwa msumeno mbele ya mwenye banda ili aone. Katikati kulikuwa na kisoda cha soda. Aliniuliza kama linaweza kuuzwa.

Nani anajali kinachotokea baada ya Mabogini? Mimi najali kidogo, kwa sababu ya kitoweo. Maji yote ya upande wetu, yawe ya Rau au ya Karanga, yawe yamepita mabwawani au yametapishwa usiku, yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Rau unapitia Kahe kuingia mto Ruvu, Karanga unapitia Weruweru na Kikuletwa. Pale Nyumba ya Mungu yanazungusha mitambo ya umeme ya megawati 8, kisha yanaondoka kama mto Pangani, yanazungusha mitambo mingine Hale na Maporomoko ya Pangani, yanaingia baharini. Ofisi ya Bonde la Pangani ipo hapa hapa Moshi, na kila nikipita naona ni haki yake kuwa hapa, wenye kuanza kuyachafua ndio tukae karibu. Na kutoka Nyumba ya Mungu wanarudi perege. Nenda Mbuyuni jioni utawakuta, wabichi na wa kukaanga. Mwani unanenepa kwa mbolea tunayoshusha, perege wananenepa kwa mwani. Kwa kiasi ni baraka. Kikizidi kiasi, maji yanakosa hewa na samaki wanaelea. Mpaka wa kiasi hicho unapangwa na nani anavuta nini kwenye mitaa ya Majengo na Kaloleni.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisikae kimya, maana kila karo linaloziba ni kazi kwangu na kila gata lililochomekwa chembani ni kazi kwangu mara mbili. Ni kweli. Lakini kazi ya kuunganisha nyumba kwenye bomba kubwa inalipa kuliko kuzibua, na ni kazi ya kusimama wima. Kinachokwamisha ni wenye nyumba za kupangisha. Mwenye vyumba kumi anaishi kwingine, harufu haimfikii, mpangaji akilalamika anaambiwa ahame. Bomba la majitaka linapita mbele ya geti, mita chache tu, na karo la nyuma linatapishwa kila masika.

Juzi mmoja wao amenipigia mwenyewe, wa Majengo. Nadhani wapangaji wamemchosha, au watu wa afya wamempitia. Nimekwenda nikapima: kutoka choo cha nyuma mpaka chemba ya barabarani ni mita 22, mteremko unaruhusu, kuna mti wa mwembe wa kuzunguka. Nimemwandikia: mabomba ya inchi nne, chemba tatu na mifuniko yake, saruji, kokoto, ada ya maunganisho alipe mwenyewe ofisini, na kufukia karo la zamani baada ya kulinyonya kwa gari, siyo kwa mvua. Hilo la mwisho nimelipigia mstari. Amejibu kwa ujumbe kwamba bei ya chemba imezidi, na anauliza kama gata naweza kuliingiza humo humo ili kupunguza gharama. Nimemwambia nitampigia jioni.